Mtoto mwenye ualbino na kidonda cha mdomo kisichopona: naomba ushauri wa daktari wa ngozi

Mama Mdogo wa Kahama ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na hamjambo wenzangu. Ninaishi Kahama, mkoani Shinyanga, na kwa miaka mitatu sasa ninamlea binti wa marehemu dada yangu, ambaye ana umri wa miaka 9 na amezaliwa na ualbino. Mama yake alikuwa amejifunza mengi kuhusu kumtunza, lakini alifariki ghafla kabla hajanieleza hata nusu ya aliyoyajua, na tangu hapo nimekuwa nikijifunza kwa kukosea. Naandika kwa kirefu kwa sababu naogopa kosa moja kati ya hayo litakuja kumuumiza mtoto.

Sisi ni wakulima wa mpunga na mahindi. Shule iko mwendo wa dakika 40 kwa miguu. Asubuhi anatoka nyumbani kabla jua halijapanda, lakini anarudi kati ya saa nane na saa tisa mchana, wakati hata ng'ombe wamejikusanya chini ya miti. Sare yao ni shati la mikono mifupi, na kofia hairuhusiwi wanapokuwa mstarini. Mafuta ya jua ninampaka mara moja asubuhi, kidogo kidogo ili yasiishe haraka, kwa kuwa bei yake kwetu ni kubwa. Chupa ya kwanza niliinunua katika duka moja la dawa, na nilikuwa nimeshaitumia kwa wiki mbili ndipo jirani yangu akasoma maandishi ya chini na kunionyesha kwamba muda wake wa matumizi ulikuwa umekwisha zaidi ya mwaka mmoja nyuma.

Sasa kuna mambo matatu yanayonikosesha usingizi. La kwanza, juu ya pua na kwenye ncha ya sikio la kulia ana mabaka mekundu yenye magamba ambayo ukiyagusa yanakwaruza kama msasa, yakibanduka yanarudi. La pili, mdomo wake wa chini umepasuka mahali pamoja na panatoka damu, na ni wiki ya sita sasa bila kupona. Bibi mmoja tunayemheshimu amenishauri nimpake maji ya limau kisha mafuta ya nazi, na wengine wanasema nimnunulie krimu za dukani za kung'arisha ngozi ili mabaka yaondoke. La tatu linamhusu baba mkwe wangu, mwenye umri wa miaka 61, ambaye aliungua kwa mafuta ya taa mguuni akiwa kijana. Kovu lile lilikaa kimya miaka yote, lakini tangu mwaka jana limefunguka na kuwa kidonda kinachonuka. Yeye anasema ni kidonda ndugu tu, kwa kuwa mtu mweusi hapati kansa ya ngozi.

Naomba mwenye ujuzi anieleze ninachotakiwa kufanya kila siku, na kipi kati ya hivi hakifai kusubiri.

---

Daktari wa Ngozi, Kilimanjaro amejibu:

Mama mdogo, pole kwa msiba wa dada yako, na asante kwa kueleza kwa makini namna hii. Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ngozi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuwahudumia watu wenye ualbino katika kliniki za kudumu na zile zinazotembea vijijini. Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka: mdomo wa mtoto na mguu wa baba mkwe havifai kusubiri. Siwezi kutaja ugonjwa kwa kusoma maandishi, na mdomo wa mtoto huenda ukawa umepasuka tu kwa ukavu na jua, lakini kidonda chochote ambacho hakijapona kwa wiki 4 kwa mtu mwenye ualbino ni lazima kionwe na mtu anayejua ngozi. Wewe umefika wiki ya sita. Nenda hospitali ya wilaya wiki hii, omba rufaa kwa daktari wa ngozi, na kama watakuelekeza Bugando kule Mwanza, usiahirishe kwa sababu ya mavuno. Ya baba mkwe nitayaandikia peke yake.

Mabaka yanayokwaruza kama msasa ninayafahamu vizuri kutokana na maelezo yako, kwa kuwa mikono ya wazazi wengi huyagundua kabla ya macho. Mara nyingi ni alama za ngozi iliyochomwa na jua mara nyingi mno hadi seli za juu zikaanza kukua bila mpangilio. Hiyo si saratani bado, ila baadhi ya mabaka ya aina hiyo hugeuka kuwa saratani yakiachwa kwa miaka. Yakionekana mapema tiba yake ni nyepesi: huwa tunayagandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, kazi ya sekunde chache kwa kila baka, au tunampa mgonjwa krimu maalumu ya kupaka kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi. Yakishakuwa uvimbe wenye kidonda inabidi kukata, na kwenye pua, mdomo au sikio hakuna nyama ya ziada ya kupoteza.

Ni vyema ujue kwa nini jua linamdhuru yeye kuliko wewe, maana ukielewa hilo utajua la kufanya hata nisipokuwepo. Ngozi yetu nyeusi ina melanini, rangi ambayo hufyonza mionzi ya jua ya urujuanimno kabla haijafikia kiini cha seli na kuharibu vinasaba vilivyomo. Mtu mwenye ualbino ana seli zinazotengeneza rangi hiyo, lakini seli hizo haziwezi kuitengeneza ya kutosha. Kahama iko karibu nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta na kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Kipimo cha kimataifa cha mionzi kinataka mtu aanze kujikinga kinapofika 3. Kwetu adhuhuri mara nyingi hupita 11, ambacho ni kiwango cha juu kabisa katika kipimo hicho. Isitoshe, mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi, kwa hiyo siku ya baridi na ukungu isikudanganye. Joto unalolihisi kwenye ngozi halitokani na mionzi hii, nayo mionzi yenyewe haisikiki inapopiga.

Sasa kinga. Wazazi wengi huanza na mafuta ya jua, na ninaelewa, kwa sababu yanafanana na dawa. Mimi huyaweka mafuta nafasi ya mwisho. Kwanza panga saa za kutoka nje, pili, kivuli, tatu, nguo na kofia, kisha mafuta kwa ajili ya sehemu ambazo nguo haikuweza kufunika. Saa mbaya ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na mtoto mwenyewe anaweza kuzipima bila saa ya mkononi: kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye, hapo si mahali pa kusimama. Kazi zote za nje ambazo ni lazima azifanye, kama kuteka maji au kuanua nguo, zihamishiwe alfajiri au jioni, na mchana apewe zile za barazani, kama kupukuchua mahindi au kuchambua mchele.

Nguo bora si lazima iwe ya gharama. Ichukue na uinue uitazame dhidi ya mwanga. Ukiona nuru inapenya kati ya nyuzi, mionzi nayo inapenya. Kanga nyepesi iliyofifia hukinga kidogo kuliko kitenge kizito, na pamba ikilowa jasho hupitisha zaidi kuliko ikiwa kavu. Shati la jinzi la mtumba lenye mikono mirefu na kola ni kinga nzuri sana. Kofia iwe ya pama, yenye ukingo usiopungua sentimita 7.5 pande zote. Kofia yenye kishungi cha mbele peke yake huacha masikio na kisogo wazi, na masikio ni mahali ambapo tunakuta saratani mara nyingi.

Kuhusu mafuta, hebu tufanye hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo itakayokusaidia mfukoni. Kwa mtoto wa miaka 9, kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kinatosha uso, masikio, shingo na migongo ya viganja. Akipakwa mara mbili kwa siku atatumia mililita 10, na chupa ya mililita 100 itamaliza siku 10. Mtoto huyohuyo akivaa mikono mifupi na sketi inayoacha miguu wazi, atahitaji mililita 20 au zaidi kila mara, na chupa ileile haitamaliza siku ya tatu. Mzazi akiona inaisha hivyo huanza kupaka kidogo kidogo, kama ulivyofanya wewe, na hapo ile namba iliyoandikwa kwenye chupa inakuwa haina maana, kwa sababu namba hiyo ilipimwa kwa mafuta yaliyopakwa kwa unene wa kutosha. Mikono mirefu ya shati ndiyo itakayoifanya chupa idumu.

Namba yenyewe ni ile inayofuata herufi SPF. Tafuta 30 au zaidi. Yakipakwa vizuri, mafuta ya 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza na ya 50 huzuia kama asilimia 98, kwa hiyo usijinyime chakula ili kufikia 50 kama 30 inapatikana. Hakikisha chupa inaeleza kwamba inakinga mionzi ya aina zote mbili, UVA na UVB. Apakwe dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka na arudie kila baada ya saa mbili akiwa nje; kwa siku ya shule, mara ya pili iwe kabla tu ya kuanza safari ya kurudi nyumbani. Midomo isisahaulike. Chupa isikae dirishani wala karibu na bati. Iweke kwenye kona ya baridi karibu na mtungi wa maji, na tarehe isomwe dukani kabla ya kulipa.

Limau acha kabisa. Maji ya limau yakibaki kwenye ngozi na jua likapiga huleta malengelenge na madoa, hata kwa mtu mwenye ngozi nyeusi. Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando hulainisha ngozi kavu, na kwa kazi hiyo ni mazuri: mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, usimsugue kwa dodoki, kisha mpake ngozi ikiwa bado na unyevu. Ila hayazuii jua. Na krimu za kung'arisha, tafadhali, zisiingie nyumbani kwako. Nyingi zina zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki huharibu figo, na steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, ilhali ngozi ya mtoto huyu tayari haina kinga. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, lakini bado vinauzwa kwa kificho.

---

Msimamizi wa Ghala, Morogoro amejibu:

Mama mdogo, mimi ni mtu mwenye ualbino, nina miaka 38, na nakuandikia nikiwa na sikio moja na nusu. Daktari ameeleza kitaalamu. Mimi nitakueleza jinsi jambo hili linavyompata mtu.

Nikiwa na miaka 22 nilikuwa nauza karanga katika stendi ya mabasi, kuanzia asubuhi hadi jua linazama, nikiwa na kofia ya kishungi kama vijana wenzangu. Kwenye sikio la kushoto ikatokea kidonda kidogo kama punje ya mtama. Hakikuuma, na hilo ndilo lililonichelewesha. Tumezoea kwamba ugonjwa mkubwa huja na maumivu makubwa, kwa hiyo nilikiosha kwa maji ya chumvi, nikakipaka unga wa mizizi niliopewa, na miezi 14 ikapita. Nilipofika hospitali kilikuwa kimeshakula ukingo wa sikio, na walikata sehemu ya juu yote. Nashukuru Mungu hakikuwa kimefika kwenye tezi za shingo. Wenzangu wawili tuliosoma pamoja hawakupata bahati hiyo, na wote hawakufika miaka 35.

Kwa sasa nina mazoea machache ambayo yamenivusha miaka 15 bila kukatwa tena. Kofia yangu inaning'inia kwenye msumari wa mlango, si chumbani, ili mkono uikute kabla mguu haujatoka. Mwavuli ninao wakati wa kiangazi kama wakati wa masika, na nilishaacha kujali wanaonitazama. Kwenye basi nachagua upande ambao jua halitapiga wakati wa safari, maana kioo cha dirisha huzuia baadhi ya mionzi lakini mingine hupita. Na kila mwisho wa mwezi mke wangu ananikagua barazani kwa mwanga wa asubuhi: nyuma ya masikio, kisogo, utosi, mgongo wa juu, sehemu ambazo mimi siwezi kuziona. Mzoeshe binti yako ukaguzi huo tangu sasa, na umweleze sababu yake kwa upole. Mtoto anayefichwa jua bila kuelezwa hudhani anafichwa watu.

Jambo la mwisho: uliza kama kuna tawi la Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania karibu nawe. Wao mara nyingi ndio wanaojua tarehe za kliniki zinazotembea na mahali mafuta yanapogawiwa. Kuna mafuta ya jua yaitwayo Kilisun ambayo yalianza kutengenezwa pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yetu hasa, na yamewafikia watu wengi bila malipo kupitia kliniki hizo. Usinunue kila mwezi kwa bei ya duka kabla ya kuuliza hilo.

---

Mwalimu wa Kisumu amejibu:

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi nchini Kenya, na ningependa kugusia suala la kofia mstarini, kwa kuwa nimelipigania shuleni kwetu. Usiombe kama mtu anayeomba upendeleo. Nenda na barua fupi ya daktari inayosema kwamba kofia na mikono mirefu ni sehemu ya matibabu ya mtoto, kama miwani ilivyo kwa asiyeona vizuri, kisha umwombe mwalimu mkuu aisome pamoja na mwalimu wa zamu na mwalimu wa michezo. Sisi tulikubaliana mambo matatu: mtoto asimame mahali penye kivuli wakati wa gwaride, kipindi chake cha michezo kiwe cha asubuhi na mapema, na adhabu yoyote isiwe ya kumweka nje. Hilo la tatu lilisahaulika kwa muda mrefu, na niliwahi kumkuta mtoto akifyeka nyasi saa sita mchana kwa kosa la kuchelewa.

Muombe pia mwalimu wa darasa amketishe mbele lakini mbali na dirisha linalopigwa na jua, kwa kuwa watoto wengi wenye ualbino huona kwa shida na mwangaza mkali huwaumiza macho. Huku kwetu Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kutoa mafuta ya jua kupitia hospitali za umma kwa wale waliosajiliwa. Haukosi upungufu wake, lakini umewaokoa wazazi wengi gharama.

---

Fundi Cherehani, Tabora amejibu:

Nimeshona sare za watoto wenye ualbino watatu, kwa hiyo naomba niongeze machache. Usinunue shati jipya. Mpelekee fundi shati alilonalo pamoja na nusu mita ya kitambaa cha sare kilekile, akate mikono mifupi na kuweka mirefu inayofika kwenye kifundo, iwe pana kidogo ili hewa ipite. Watoto hukunja mikono wakisikia joto, na wakishaikunja kazi yote imepotea. Kola iwe ndefu ya kusimama. Kofia ishonwe kwa kitambaa cha sketi, ukingo wake utiwe kitambaa kigumu ndani ili usilegee na kulalia macho, na nyuma paongezwe kipande kinachoshuka hadi mabegani. Ikifanana na sare, hata walimu hawaioni kama kitu cha kigeni. Weka na kamba ya kufunga kidevuni, maana upepo ukiipeperusha mara mbili mtoto hataivaa tena.

---

Mama Mdogo wa Kahama ameandika:

Nawashukuru sana. Nimesoma hadithi ya ndugu yetu wa Morogoro mara mbili na nimelia, kisha nikaenda kuweka msumari mlangoni. Daktari, nimeomba ruhusa na Alhamisi tunakwenda hospitali ya wilaya. Tatizo lililobaki ni baba mkwe. Amekataa kuongozana nasi, na hoja yake ni ileile ya ngozi nyeusi. Nimjibu nini kwa heshima? Na je, kumvalisha mtoto namna hii hakutamletea upungufu wa vitamini D, kama shemeji yangu anavyodai?

---

Daktari wa Ngozi, Kilimanjaro amejibu:

La vitamini D ni jepesi. Ngozi isiyo na rangi huitengeneza kwa mwanga mdogo sana, na mwanga anaoupata asubuhi na jioni akiwa na uso na viganja wazi unatosha kwa kawaida. Mpe pia mayai na dagaa. Sijawahi kumkata mtoto sikio kwa sababu ya vitamini D.

La baba mkwe ni zito zaidi, na namna ya kumwambia ni kumpa haki yake kwanza. Ana ukweli kwa sehemu: melanini inamkinga dhidi ya saratani nyingi zitokanazo na jua, na ndiyo maana wakulima wenzake wamezeeka juani bila kuzipata. Ila saratani ya ngozi haina mlango mmoja. Kovu kubwa la moto, hasa lile lililopona lenyewe kwa shida bila kupandikizwa ngozi, linaweza kukaa miaka 30 na zaidi kisha likafunguka na kuota saratani, bila jua kuhusika hata kidogo. Madaktari wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1828 daktari Mfaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliandika kuhusu vidonda vinavyoota kwenye makovu, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Katika nchi zetu, ambako watu wengi waliungua utotoni kwa moto wa kuni au kibatari na hawakupata tiba kamili, tunaviona mara kwa mara. Dalili zake ni zilezile ulizozitaja: kovu la zamani lililofunguka, harufu, na mara nyingi kingo zilizoinuka au nyama inayoota na kutoa damu ikiguswa.

Kuna mlango mwingine ambao watu weusi hawaufahamu. Saratani iitwayo melanoma, kwa watu wenye ngozi nyeusi, hupenda kuanzia mahali pasipo na rangi nyingi na pasipopigwa na jua: nyayo, viganja na chini ya kucha. Kama baba mkwe anampenda Bob Marley, mwambie kwamba ndiyo iliyomwua mwaka 1981, akiwa na miaka 36, na ilianzia chini ya kucha ya kidole cha mguu, mahali ambapo mwanzoni palidhaniwa pameumizwa na mpira. Kwa hiyo ninyi wengine wote hapo nyumbani msijione mko nje ya mazungumzo haya. Mkiosha miguu jioni, tazameni nyayo. Doa jeusi linalopanuka, lenye kingo zisizo sawa au rangi zilizochanganyika, ama mstari mweusi wa kucha unaonenepa na kusambaa hadi kwenye ngozi, ni wa kuonwa na daktari.

Akifika hospitali, aombe kukatwa vipande vidogo vya nyama kutoka kwenye ukingo wa kidonda na vipelekwe maabara. Hilo ndilo jambo moja la kulisisitiza, kwa sababu nimepokea wagonjwa wengi waliosafishwa na kufungwa vidonda mwaka mzima bila mtu hata mmoja kupima nyama. Watu huogopa kwamba kisu kitausambaza ugonjwa. Mweleze kwamba si kweli, na kwamba bila kipande hicho hakuna daktari anayeweza kujua anatibu nini. Ikiwa ni saratani na bado haijafika kwenye mfupa wala kwenye tezi za kinena, mara nyingi tunaikata na kupandikiza ngozi, na mguu unabaki. Miezi inayopita sasa ndiyo inayoamua kama mguu utabaki.

---

Mama Mdogo wa Kahama ameandika, wiki tatu baadaye:

Naleta taarifa. Baba mkwe alikuja. Nilimsomea maneno ya daktari kuhusu makovu ya moto, akanyamaza, kisha jioni akaniita na kuniuliza gari linaondoka saa ngapi. Walituandikia rufaa wote wawili. Huko tulikokwenda, mabaka mawili ya mtoto yaligandishwa. Alilia kidogo, na sasa yamekauka na kudondoka. Mdomo waliutazama kwa lenzi, wakasema haukuonyesha dalili ya saratani, wakatupa dawa ya kupaka na mafuta ya midomo yenye kinga ya jua, na umefunga. Tumepangiwa kurudi baada ya miezi 6. Tumesajiliwa katika kliniki ya watu wenye ualbino na tumepewa chupa mbili za mafuta bila malipo.

Nyama ya mguu wa baba mkwe imerudisha majibu ya saratani. Wamempiga picha ya mfupa na wanasema haujaguswa, na tezi za kinena hazijavimba. Upasuaji ni Jumanne ijayo. Ameniagiza niwaulize walio na uzoefu wa kupandikizwa ngozi: walikaa kitandani siku ngapi kabla ya kuruhusiwa kukanyaga, na walipikiwa chakula gani.